Bakteria watakula glaikoli, radiamu itabaki: jibu kwa fundi wa Mtwara

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nipo Mtwara mjini, ni fundi sanifu kwenye karakana inayoosha mabomba na matangi yaliyotumika kwenye visima vya gesi na mafuta. Vifaa vinatoka sehemu mbalimbali. Maji ya kuoshea yanabaki na glaikoli, mafuta kidogo na chumvi nyingi kama ya bahari. Sampuli tuliyopeleka maabara ilirudi na radiamu-226 bekereli 5 kwa lita. Nimesoma kwamba kuna bakteria asiyekufa kwa mionzi. Tukimpata, anaweza kusafisha maji yetu na mionzi nayo ikaisha? Tuna simtanki la lita 1,000 la majaribio."

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na lile linalojibika haraka: mionzi haitaisha. Bakteria anavunja viungo vya kaboni ili apate chakula, kazi yake inaishia kwenye kemia. Mionzi inatoka kwenye kiini cha atomu, na huko hakuna kiumbe anayefika. Radiamu-226, metali yenye mionzi, hupungua nusu kila baada ya miaka 1,600, iwe imo majini, kwenye tope au imenata juu ya bakteria mwenyewe. Unachoweza kufanya ni kuihamisha kutoka mahali ilipo na kuiweka mahali unapopajua. Kazi yote iliyobaki ni kuhakikisha haihamii mahali usipopataka.

Glaikoli na methanoli, ambazo ni jamii ya alkoholi, pamoja na mafuta mepesi ni habari nyingine. Hivyo bakteria wanavila vizuri, tena bakteria wa kawaida kabisa.

Huyo uliyemsoma bila shaka ni Deinococcus radiodurans. Aligunduliwa mwaka 1956 huko Oregon, Marekani, kwenye nyama ya makopo iliyokuwa imepigwa mionzi ili isioze, na ikaoza. Anavumilia dozi ya grei 5,000 (grei ni kipimo cha mionzi iliyonyonywa na mwili) bila kutikisika sana, wakati binadamu grei 5 kwa mkupuo zinatosha kumuua. Lakini kwa asili yake si mlaji hodari wa mafuta. Mwaka 1998 watafiti walimpandikiza jeni za bakteria mwingine ili aweze kuanza kuvunja tolueni, na kiumbe wa namna hiyo huwezi kumwaga kwenye tangi la nje hapa kwetu bila kupitia kanuni za usalama wa bioteknolojia za mwaka 2009. Zaidi ya hapo, humhitaji. Kumbukumbu za Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki zinaonyesha radiamu-226 kwenye maji ya visima vya mafuta na gesi duniani ikianzia bekereli 0.002 hadi 1,200 kwa lita (bekereli moja ni atomu moja inayovunjika kwa sekunde). Chukua hayo ya 1,200, hesabu nishati ya radiamu pamoja na vizazi vyake vya muda mfupi, yaani atomu zinazozaliwa ikivunjika: bakteria aliyemo humo anapata kama grei 0.0004 kwa siku. E. coli, bakteria wa kawaida wa utumboni, anahitaji mamia ya grei ili afe. Maji yenu ya bekereli 5 kwake ni kama hakuna kitu.

Kwa hiyo ukiona bakteria wako wamekufa usiisingizie mionzi. Wameuawa na chumvi iliyopanda ghafla, au na dawa ya kuzuia kutu au ya kuua vijidudu iliyokuwa ndani ya bomba, au na sabuni kali ya kuondolea grisi, au wamekosa hewa. Hizo ndizo sababu, karibu kila mara.

Kabla ya tangi lolote, kuna swali ambalo majibu ya maabara hayajalijibu: hizo bekereli 5 zimeyeyuka majini, au zimo kwenye chembe? Ninyi mnaosha mabomba. Ndani ya bomba kuna ukoko mgumu wa bariamu salfeti, na radiamu hujificha humo kwa sababu tabia yake inafanana na ya bariamu. Mkipiga maji ya presha, ukoko unapukutika kuwa vumbi laini linaloelea. Chukua lita mbili za maji yaleyale. Lita ya kwanza ichuje kwa karatasi ya mikromita 0.45, kisha uitie asidi ya nitriki mpaka pH (kipimo cha uasidi) ishuke chini ya 2 ili radiamu isigande kwenye kuta za chupa. Lita ya pili ipeleke kama ilivyo, pamoja na ile karatasi ya chujio. Ukitia asidi kwanza ndipo uchuje, umeharibu kipimo, maana baadhi ya chembe zitayeyuka. Waulize pia maabara kama chupa ilifungwa isipitishe hewa kwa wiki tatu au nne kabla ya kupimwa kwa mionzi ya gama. Radiamu-226 mara nyingi hupimwa kupitia vizazi vya gesi yake ya radoni, na radoni ikivuja namba inatoka ndogo kuliko ukweli.

Kama sehemu kubwa imo kwenye chembe, tatizo lenu la radiamu linamalizwa na tangi la kutuamisha na chujio, na bakteria watabaki na kazi yao ya glaikoli tu. Naomba iwe hivyo. Kama imeyeyuka, endelea kusoma.

Maji yenu yanaonekana hayana makali, bekereli 5 kwa lita ni 0.005 kwa gramu. Mtego uko kwenye tope. Tuseme ni glaikoli ya monoethilini, gramu 1 kwa lita. Kuichoma yote kunahitaji gramu 1.29 za oksijeni, yaani COD (oksijeni inayohitajika kuchoma uchafu) ya miligramu 1,290 kwa lita. Ukisafisha lita 200 kwa siku, ni gramu 258 za COD, nazo zitazaa kiasi cha gramu 90 za tope kavu la bakteria. Radiamu iliyoingia siku hiyo ni bekereli 1,000. Ikinata nusu yake tu kwenye tope, umepata bekereli 5.5 kwa kila gramu. Mpaka wa kimataifa ambao chini yake mionzi ya asili kwa kawaida haiwekwi kwenye udhibiti ni bekereli 1 kwa gramu. Maana yake umechukua maji yaliyochafuka kidogo ukatengeneza taka ya mionzi inayooza, inayonuka na inayoongezeka kila siku. Watu wengi wanaosifia bakteria kwenye kazi hii hawaifanyi hesabu hiyo.

Ndiyo maana kwa maji ya aina yenu ningetoa radiamu kwanza, bakteria wafuate. Njia iliyozoeleka, hata kwenye migodi ya urani, ni kloridi ya bariamu. Weka miligramu 40 kwa lita, sawa na gramu 8 kwa lita 200, kwenye maji yenye salfeti ya kutosha. Bariamu salfeti inaganda na kuibeba radiamu. Chembe zake ni laini mno, hazishuki zenyewe, hivyo ongeza kloridi ya feri miligramu 30 kwa lita, rekebisha pH iwe kati ya 7 na 8, koroga kwa nguvu dakika mbili, kisha taratibu dakika ishirini, acha litulie usiku kucha, na uchuje yale ya juu. Kama maji hayana salfeti, mnaweza kutumia maji ya bahari: yana gramu 2.7 hivi kwa lita, kwa hiyo lita 40 ndani ya lita 200 zinatosha. Hiyo ni ndani ya tangi la kugandishia peke yake. Msioshee bomba kwa maji ya bahari hata siku mkikosa maji ya bomba, kwa sababu salfeti ikikutana na bariamu ndani ya bomba mtakuwa mnajenga ukoko mnaolipwa kuuondoa.

Kloridi ya bariamu ni sumu ikimezwa. Ipimwe kwa mizani, na anayeipima avae glavu na barakoa. Haipimwi kwa kijiko cha chai.

Zoezi hilo likitoa asilimia 95, radiamu inayoingia kwa bakteria inabaki bekereli 50 kwa siku, na tope lao linashuka hadi karibu 0.3 kwa gramu. Ile iliyoganda inakaa kwenye gramu 12 hivi kavu kwa siku, zenye bekereli 80 kwa gramu. Namba inatisha, lakini kwa siku 300 za kazi ni kilo tatu na nusu kavu. Ikiwa bado na maji itakuwa nyingi zaidi, ila bado ni kitu cha kuwekwa kwenye madumu machache, kuandikwa na kufungiwa stoo. Mimi ningechagua madumu machache makali yasiyooza kuliko mapipa ya tope lenye mionzi hafifu.

Mpangilio huo hugeuka pale uchafu wenyewe unapoishikilia mionzi majini. Kwenye vinu vya nyuklia huosha vyuma kwa EDTA, asidi ya sitriki na asidi ya oksaliki. Hizo hukumbatia metali zenye mionzi zisigande wala zisinase kwenye chujio, basi huko kuna sababu ya kuvunja uchafu kwanza. Kwenu hali hiyo inaweza kutokea kama bomba lilitiwa dawa ya kuzuia ukoko, maana kazi ya dawa hiyo ni hiyohiyo, kuizuia bariamu salfeti isigande. Dalili yake: umeweka bariamu, umesubiri usiku kucha, maji bado yana ukungu na radiamu haijashuka. Hapo peleka kwanza kwa bakteria, au ongeza bariamu mara mbili uone.

Sasa bakteria. Mbegu changanya mbili. Tope la bwawa la majitaka lina walaji wazuri lakini hawajui chumvi. Tope la mashamba ya chumvi, na pwani yetu kuanzia Kilwa na Lindi hadi Mtwara hayakosekani, lina wanaojua chumvi lakini hawajazoea glaikoli. Ukiomba ruhusa shambani, kwangua sentimita moja au mbili za juu zenye rangi ya kahawia. Ukifika kwenye tabaka jeusi lenye harufu ya yai viza, umepitiliza, humo wamo wanaopumua salfeti na hao nitawarudia. Usiende kuchota mikokoni wala ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi bila kibali.

Anza na ndoo tatu za lita 20, simtanki lisubiri. Ndoo ya kwanza tia lita 15 za maji yenu yaliyokwisha kutolewa radiamu, lita 2 za tope la majitaka, nusu lita ya tope la chumvi, na mbolea. Ya pili tia maji na mbolea, bila mbegu. Ya tatu tia maji yaliyoshushwa pH hadi 2 kwa asidi ya hidrokloriki ili wasiishi humo, ukifanyia nje penye upepo. Zote tatu zipate hewa kiasi kilekile. Ndoo ya tatu ndiyo inayodharauliwa, na ndiyo yenye maana kuliko zote. Benzini, kiungo cha mafuta mepesi, hupeperuka ikipuliziwa hewa. Kama COD imeshuka kwenye ndoo ya kwanza na ya tatu kwa kiwango kimoja, bakteria hawajala kitu; umeuhamishia uchafu puani mwako. Glaikoli haipeperuki kirahisi, kwa hiyo kwake tofauti ya ndoo hizi itaonekana wazi.

Chumvi ipande polepole. Anza na maji yaliyozimuliwa mpaka gramu 10 kwa lita, ongeza gramu 5 kila wiki, na mita ya upitishaji umeme ikusaidie: gramu 35 kwa lita ni takriban milisimensi 53 kwa sentimita. Kufika huko ni wiki tano. Ukikimbilia, seli zinanyauka na kufa, maji yanakuwa meupe kama tui na povu linafurika. Kuteremka ghafla nako kunaua, kwa hiyo tangi liwe na mfuniko au paa. Mvua moja ya Januari ikiingia ndani ya tangi wazi inatosha kukurudisha wiki ya kwanza.

Mbolea: kwa kila gramu 100 za COD, nitrojeni 5 na fosforasi 1. Kwa lita 200 za siku, DAP gramu 13 na urea gramu 23 zinatosheleza. Yeyusha kwenye maji baridi ya kawaida kwanza. Ukimwaga DAP moja kwa moja kwenye maji yenye kalsiamu nyingi, fosfeti inaganda chini na bakteria wanakufa njaa huku wewe una risiti ya mbolea. DAP yenyewe huwa na urani kidogo kutoka kwenye mwamba wa fosfeti, hivyo pima maji yenye mbolea peke yake uyaweke kama kipimo cha msingi, usije ukashangaa namba isiyo yenu.

Kwenye simtanki fanya kwa mizunguko: lita 800 ndani, hewa saa 22, tulia saa moja, toa lita 200 za juu, jaza lita 200 mpya. Hewa inayohitajika kwa chakula ni ndogo, lakini tope lazima lielee, kwa hiyo tafuta pampu ya lita 40 kwa dakika au zaidi. Pampu ya tangi la samaki haifai. Oksijeni iliyoyeyuka isishuke chini ya miligramu 2 kwa lita, na kumbuka maji ya chumvi kwenye nyuzi 30 hayabebi zaidi ya 6 na kidogo, kwa hiyo huna akiba kubwa. Glaikoli ikivunjwa nusunusu hutoa asidi na pH inashuka. Irudishe kwenye 7 kwa bikaboneti ya soda, si chokaa, kwa sababu chokaa inaongeza kalsiamu na fosfeti inaganda tena. Tangi likae kwenye banda lisilo na kuta. Hewa inayotoka inabeba benzini na radoni iliyobaki, na chumba kilichofungwa kinazikusanya zote mbili.

Kipimo cha COD kitakudanganya kwenye maji haya. Kloridi ya chumvi nayo inachomwa na dikromati, kemikali ya kipimo hicho, na kuhesabiwa kama uchafu. Chupa nyingi za kipimo zinavumilia kloridi hadi miligramu 2,000 kwa lita, na maji yenye chumvi ya bahari yana kama 19,000. Zimua mara kumi kabla ya kupima, tumia chupa za kiwango cha chini, kisha zidisha.

Mzigo mpya ukiletwa, usiumwage tangini siku hiyohiyo. Chukua chupa ya mililita 300, tia tope lako na maji hayo mapya, ziba, soma oksijeni kila dakika kwa dakika kumi. Fanya vilevile na tope lako kwenye maji ya glaikoli safi yenye chumvi ileile. Kama kwenye glaikoli oksijeni inaporomoka na kwenye mzigo mpya imesimama, kuna dawa ya kuua vijidudu humo. Uliza bomba lilitiwa nini, au zimua mpaka wapumue tena.

Nilisema nitawarudia wanaopumua salfeti. Umeme ukikatika saa kadhaa, oksijeni inaisha na hao wanaamka. Dalili ni harufu ya yai viza na tope kuwa jeusi. Gesi hiyo ni hatari, usiinamie tangi. Kwenye tangi la bakteria unarudisha hewa na linapona baada ya siku chache. Hatari kubwa iko stoo. Ukichanganya lile tope la bariamu na tope la bakteria ndani ya pipa moja na ukalifunga, baada ya wiki na miezi wadudu hawa wanaila salfeti iliyoshikilia bariamu, ukoko unayeyuka na radiamu inarudi majini. Kazi yote imejifuta yenyewe ndani ya pipa. Matope hayo mawili yasikutane kamwe: la bariamu liwe kwenye dumu lake, bila uchafu wa kuoza.

Tope lolote la kazi hii libaki na unyevu. Likikauka linakuwa vumbi, na radiamu inayotoa chembe za alfa madhara yake makubwa ni ikiingia ndani ya mwili. Barakoa ya vumbi, glavu, kunawa, hakuna kula wala sigara bandani. Na pale mnapopiga mabomba kwa presha ukungu ni hatari kuliko tangi, vaeni kinga hapo kwanza.

Kuhusu vibali, msianze hata ndoo tatu kabla ya kuzungumza na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, maana radiamu mnayoikusanya iko chini ya Sheria ya Nguvu za Atomu ya mwaka 2003, na wao ndio watakaowaambia lile dumu likae wapi. Maji yaliyosafishwa nayo hayaendi mtaroni wala baharini kwa uamuzi wa karakana: kuna wasimamizi wa mazingira wa taifa (NEMC), na kuna Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, ambayo ofisi yake iko hapohapo Mtwara. Watataka kuona radiamu kabla na baada, COD, chumvi, na uzito wa tope kwa wiki pamoja na bekereli zake kwa gramu. Namba hizo ziandikwe kwenye daftari tangu ndoo ya kwanza. Radiamu iliyoingia ijumlishwe na kulinganishwa na iliyotoka kwenye maji pamoja na iliyomo kwenye matope yote mawili. Hesabu ikipungua kwa zaidi ya robo, tazama kuta za tangi na mabomba ya hewa kabla ya kulaumu maabara, mara nyingi imeganda hapo.